Bundi, Kinyonga na Kamati ya Shemeji

Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo sana. Nilitaka kwenda Amani, kule Muheza, juu ya milima ya Usambara Mashariki, mimi na mama watoto, tukalale huko siku mbili tatu. Asubuhi tutembee msituni na mtu anayeijua miti kwa majina, jioni tukae nje na chai ya mdalasini uliobanduliwa palepale kijijini, usiku tujifunike blanketi zito, kitu ambacho mkazi wa Dar es Salaam amekisahau kabisa, maana huku hata shuka jepesi ni adhabu. Basi. Mama watoto akakubali, na kwa furaha yake akampigia simu kaka yake.

Kaka yake huyo, shemeji yangu mimi, hawezi kuona watu wawili wamekubaliana jambo bila kuwaundia kamati. Kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kundi la WhatsApp lilikuwa limeshafunguliwa. Lina mwenyekiti, ambaye ni yeye. Lina katibu, mweka hazina, mjumbe wa chakula, mjumbe wa usafiri na mjumbe wa sare. Mimi mwenye wazo nimewekwa kuwa mjumbe wa kawaida, na ruhusa ya kuandika nilipewa kesho yake. Picha ya kundi ni simba dume, ameketi juu ya jiwe, anaangalia mbali kama anayesubiri mchango wangu.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mjumbe wa sare. Yeye ni Yanga, tena Yanga wa kuzaliwa, na alisema hawezi kusafiri chini ya nembo ya watani. Shemeji, ambaye ni Simba, akasema picha ile ni ya utalii tu. Wakabishana mpaka usiku wa manane. Mimi nikaona niwasaidie. Nikaandika kwa adabu zote kwamba ugomvi wenyewe hauna sababu, kwa kuwa Amani hakuna simba.

Kundi likanyamaza. Kisha shemeji akauliza: "Tembo?" Hakuna. "Twiga?" Hakuna. "Hata nyati mmoja?" Hakuna. Mjumbe wa sare akatuma vikaragosi vya kushangilia. Mjumbe wa usafiri akaandika: "Sasa hiyo hifadhi inahifadhi nini?"

Niliandika jibu refu, na ninajua hawakulisoma, kwa hiyo nalirudia hapa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina eneo la hekta 8,380. Ndani yake kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, walipojenga pale kituo chao cha utafiti wa kilimo wakaleta miche kutoka pande zote za dunia: mpira, kwinini, kahawa, viungo, miti ya mbao. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, kituo hichohicho kiliwatengenezea askari wao dawa ya malaria. Kuna mbega wenye mabega meupe, kuna kima, kuna vipepeo. Na kuna mto Zigi, unaotoka katika misitu hiyo na kuupa mji wa Tanga maji yake. Hili la maji nililisisitiza makusudi, kwa sababu mjomba wetu anaishi Tanga mjini, anaoga na kupikia maji hayo siku zote, na ndiye aliyetangulia kuandika kundini kwamba "huko hakuna kitu, ni miti tu."

Shemeji alijibu kwa neno moja: "Mikumi."

Tatizo la watu wetu ni hilo. Hifadhi tunaipima kwa ukubwa wa mnyama anayeweza kutula. Kama hayupo wa kututafuna, tunajiona tumeibiwa kiingilio. Mtu anaweza kukaa kwenye gari saa nne juani, amefungiwa vioo, anatazama kwa mbali kitu cha kahawia kilicholala chini ya mgunga, akarudi nyumbani akasema ameona simba. Mwambie atembee kwa miguu ndani ya msitu mzee, kwenye kivuli, aguse mti, anuse jani, atakuuliza kama umeishiwa.

Lakini kilichoivuruga kamati kuliko ukosefu wa simba ni wanyama waliopo. Nilipoona wanakazania wanyama, nikawatajia wale ambao watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatafuta pale. Nikaanza na bundi. Yupo bundi mkubwa wa Usambara, adimu kabisa, na jina lake la kitaalamu wamempa kwa heshima ya Julius Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi palepale Amani. Wazungu wanakesha msituni na tochi wakimsubiri alie.

Mama mkwe, ambaye siku zote kundini huwa anatuma dua na salamu za asubuhi tu, akaandika: "Wanakesha wakimsubiri bundi alie?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Na wakishamsikia?"

Wanafurahi, mama. Wanaandika kwenye daftari.

Mama mkwe hakuandika tena siku hiyo. Alimpigia binti yake kumuuliza kama mimi ni mzima. Na mimi namwelewa. Mtaani kwetu bundi akilia juu ya paa, majirani wanaulizana nani anaumwa, na vijana wanatoka na mawe. Sasa mkwe wake anachangisha pesa za kumfuata bundi mpaka kwake.

Ningenyamaza hapo, lakini shemeji akauliza kama kuna mnyama mwingine. Yupo kinyonga mwenye pembe tatu, tena jina lake la kitaalamu linatokana na Derema, mahali palepale karibu na Amani. Yupo chura mdogo wa mitini ambaye hatagi mayai kama chura wa heshima zake. Anabeba mimba na kuzaa vitoto vilivyokwisha kukamilika miguu yote. Yupo ndege mmoja mdogo wa kijivu, mdomo mrefu, jina lake limetokana na Reginald Moreau, Mwingereza aliyekaa Amani miaka mingi akichunguza ndege. Ndege huyo duniani kote anajulikana kuishi Usambara Mashariki na upande wa kaskazini mwa Msumbiji, kwingine hayupo. Wapenda ndege wakimwona wanakumbatiana. Mjumbe wa chakula alitaka kujua anatoa nyama kiasi gani.

Bundi, kinyonga, chura. Ukiangalia vizuri, hazina ya Amani ni wale wanyama wote ambao nyumbani tunawafukuza kwa fagio. Kinyonga akikatiza uani, shangazi yangu anaruka mpaka kwa jirani. Chura akiingia bafuni, watoto wanaagizwa chumvi wakammwagie. Kwa hiyo naelewa ugumu wa kumshawishi mtu alipe kiingilio aonyeshwe kwa heshima kitu alichokitoa sebuleni kwa mti wa ufagio wiki iliyopita. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mimi ndiye mshamba.

Nikahamia kwenye maua, nikidhani maua hayana mchawi. Lipo ua dogo la rangi ya zambarau, linaota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli huko Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa eneo hilo, alilikusanya, likafika kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalitangaza rasmi na kuliita Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima, na Wajerumani wenyewe katika lugha yao bado wanalitaja kwa jina la Usambara. Kule Usambara, nikaandika, mtu anakwenda msituni kuliona linavyoota lenyewe, bila chungu.

Binamu yetu anayeishi Hamburg akatuma picha. Ua lenyewe, kwenye chungu cha plastiki, dirishani kwake, nyuma theluji. Akaandika kwamba amelinunua dukani pamoja na mkate, na akashangaa watu wazima wenye akili kusafiri zaidi ya kilomita 300 kwenda kuona kitu kilichopo dirishani kwake. Shemeji akajibu haraka: "Basi afadhali tuje Hamburg." Binamu akatoka kundini. Hajarudi.

Ikaja habari ya tarehe. Mweka hazina alitaka Pasaka, kwa sababu kuna siku nne za mapumziko. Pasaka mara nyingi inaangukia masika, na masika ya Usambara hayana utani. Mvua zinazoingia kutoka Bahari ya Hindi zinagonga ile milima na kumwaga mzigo wote pale. Ndiyo maana kuna msitu, na ndiyo maana kuna chai, iliki na karafuu. Barabara kutoka Muheza ikishapita Kisiwani na kufika lango la Zigi, inaanza kupanda kwa kona juu ya kona, na siku ya mvua utelezi wake hauulizi gari ni la nani. Oktoba mpaka Desemba ni vuli, hadithi ni ileile. Januari ni kukavu kidogo na kunapendeza, lakini Januari nani ana pesa? Ada, sare za shule, kodi ya nyumba. Mweka hazina mwenyewe Januari huwa anazima simu.

Ukiondoa masika, ukiondoa vuli, ukiondoa Januari na jirani yake Februari, inabaki Juni mpaka Septemba. Kuna baridi lakini njia inapitika, shule zimefungwa kwa muda, na kuna Sabasaba na Nanenane za kuombea ruhusa kazini. Nilieleza haya kwa aya mbili. Shemeji akayarudia kwa sauti, ujumbe wa sauti wa dakika saba, kana kwamba yamemjia usingizini, na kamati ikampongeza.

Njia nayo ilipigiwa kura. Wako wanaoamini Chalinze na wako wanaoamini Bagamoyo mpaka Msata, na kila upande una mtu aliyewahi kufika Segera kwa muda ambao trafiki wakiujua watamkamata hata leo. Mjumbe wa usafiri alikuja na nukuu ya Coaster. Nilipouliza kama dereva wake amewahi kupanda Amani, jibu likawa kwamba dereva amewahi kwenda Lushoto. Lushoto ni Usambara Magharibi, lami mpaka mjini. Ni sawa na kumsifu mtu kwamba anaweza kuogelea kwa sababu amewahi kupanda pantoni ya Kigamboni.

Bajeti ilipotoka, niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mbuzi wawili. Mchele. Kreti za soda. Fulana za rangi ya chungwa, zenye majina mgongoni. Spika kubwa na jenereta lake. Keki, kwa sababu katika watu wengi hivyo lazima atapatikana mwenye siku ya kuzaliwa. Mpiga picha. Dharura. Kiingilio cha hifadhi hakikuwemo. Malazi yaliandikwa "tutajua hukohuko." Na mwongoza watalii alikuwemo mwanzoni, akafutwa na mjumbe wa chakula kwa hoja kwamba miti inaonekana kwa macho, mtu wa kutuonyesha wa nini?

Hapo nilikasirika, na nikikasirika naandika kwa herufi kubwa. Bila mwongozaji, msitu kweli unakuwa miti tu. Utapita chini ya mbega usimwone, utakanyaga pembeni ya kinyonga usijue, utapiga picha mti ulioletwa kutoka ng'ambo ukidhani ndio asili ya Usambara. Kijana wa kijijini aliyekulia pale atakusimamisha mahali ambapo wewe huoni kitu, atakuelekeza kidole, na ghafla jani litafungua macho. Pesa ya kijana huyo haifiki hata mguu wa mbuzi mmoja. Kuhusu spika sikuwa na subira. Niliuliza: tunabeba jenereta mpaka kwenye msitu wa ndege adimu ili ndege wasikie singeli?

"Na wao wachangamke," akajibu shemeji.

Viungo ndivyo vilivyoiokoa safari. Shangazi aliposikia kwamba kule ndiko inakotoka iliki, akashtuka. Yeye, kama watu wengi wa Dar, alidhani viungo vyote ni vya Unguja na Pemba, na kwamba bara tunalima mahindi tu. Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Amani vinalima karafuu, mdalasini, pilipili manga inayopanda miti kama mzabibu, na iliki. Pale Kariakoo shangazi ananunua iliki kwa vipakiti vyenye punje za kuhesabika, anazificha kabatini pamoja na hati ya kiwanja. Kusikia kuna mahali zinaanikwa juani kwenye turubai, alituma mchango wake wote mara moja. Wengine wakafuata, kila mmoja na oda yake. Iliki kilo moja. Karafuu nusu. Mdalasini "ule unaojikunja wenyewe, si wa kuvunjikavunjika." Mimi niliyetaka kupumzika nimekuwa mchuuzi, na daftari la madeni ninalo.

Hapa sikuwaambia yote. Iliki ina habari yake na ule msitu. Mmea wenyewe ni ndugu wa tangawizi, unapenda kivuli, na punje zake zinaota chini kabisa karibu na udongo. Kwa miaka mingi wakulima waliingia msituni, wakafyeka vichaka na miche ya chini, wakaacha miti mikubwa isimame itoe kivuli, wakapanda iliki chini yake. Ukipita njiani unaona msitu umejaa, kumbe hakuna mti mchanga wa kuja kushika nafasi ya mzee akianguka. Udongo ukishachoka, shamba linasogea mbele. Pale Derema wakulima walilipwa fidia ya mazao yao, iliki ikiwa nyingi, waachie ukanda wa msitu ubaki umeungana, na suala lile la fidia lilichukua miaka. Nami siwalaumu wakulima. Iliki ilikuwa ada ya shule na bati la nyumba. Lakini siku hizi nikiona punje ya iliki inaelea kwenye chai najiuliza imelimwa wapi, na nimeamua tutanunua kwa mtu atakayetuonyesha shamba lake liko nje ya mpaka. Shangazi nitamwambia tukishafika, akiwa ameshalipa.

Mama mkwe naye amekubali, kwa masharti. Chumba chake kiwe mbali na miti, jambo ambalo kwa Amani ni gumu kidogo, na jina la bundi lisitajwe baada ya magharibi. Vijana walijaribu kutuhamishia Magoroto, hapohapo Muheza, kwa sababu kuna ziwa na picha zake zimeshaenea mitandaoni. Nimewaambia tutapita tukirudi kama watabeba mizigo ya iliki bila kununa. Jenereta limefutwa baada ya mweka hazina kuona bei ya kulikodi. Spika imebaki, eti ina betri. Mwongozaji amerudishwa kwenye bajeti, juu ya mgongo wa mbuzi wa pili, na mjumbe wa chakula hanisemeshi.

Picha ya kundi imebadilishwa pia. Shemeji ameweka kinyonga mwenye pembe tatu, bila kuniuliza, na amewaambia jamaa zake kazini kwamba anakwenda kuona mnyama mwenye pembe nyingi kuliko kifaru. Leo asubuhi nimemsikia akimweleza mtu kwenye simu kuhusu chura anayezaa. Anaeleza vizuri, tena kwa majigambo, kana kwamba yeye ndiye aliyemzalisha.

Safari ni Sabasaba. Hadi naandika haya, walioahidi ni wengi kuliko viti na waliolipa ni wachache kuliko mbuzi. Kama wewe msomaji una Coaster nzima na dereva aliyewahi kupanda Amani kwa macho yake, si Lushoto, nitafute mapema, bei tutaelewana. Na mwenye koti la mvua la kuazima, saizi ya mtu mnene, anisaidie. La kwangu ninalo. Hilo ni la mwenyekiti, na yeye bado anaamini kwamba Julai mvua hainyeshi Usambara.